Sikuketi Chini ya Bâche Ile

Mliniomba niandike maneno ya kuwatia moyo ninyi viongozi wapya wa komite. Aa, watoto wangu, hapo mmekosea mlango. Mngeenda kwa mchungaji, au kwa imamu wetu wa Mangobo. Wale wana maneno ya namna hiyo, na sauti nzuri juu yake. Mimi Mama Zaina ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, magoti yananiuma, mvua haijakoma tangu asubuhi, na huo moyo wenyewe wa kuwapa sina. Nitawapa nilicho nacho.

Kwa yule aliyeingia juzi tu: shirika letu linafundisha raia namna ya kupiga kura, si nani wa kumpigia. Hatuna chama, hatuna mgombea, hatuna rangi. Na komite ni watu wa kujitolea. Hakuna mshahara. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza kila nikirudi: "Donc, Prezidenti, leo umetuletea nini?" Nami namjibu: "Vumbi." Basi anacheka, ananipa maji ya kunawa.

Nianze na viti, kwa sababu najua mnavicheka. Mmesikia kwamba sisi wazee tulikuwa tukivuka mto kwenda Lubunga na viti vyetu vya plastiki kichwani, mkasema wazee wale walikuwa na wazimu kidogo. Hatukuwa na wazimu. Msimu wa kampeni, ukifika kwenye uwanja wa shule au wa parokia ukakuta viti vimepangwa vizuri, jua kuna mtu amevileta. Ukikaa, mwenye viti kesho anapita mtaani: "Bale ba elimu ya uraia? Bale ni bangu. Si balikala kwangu?" Umekwisha. Kazi ya miezi imemwagika kwa sababu ya matako yako.

Aliyeanzisha jambo la viti ni Papa Lokangu, prezidenti wetu wa kwanza. Alikuwa fundi mstaafu wa injini za boti, mzaliwa wa Yanonge, mtu mrefu, mkavu, mwenye kukohoa kabla ya kusema neno zito ili mjiandae. Siku ya kwanza tulipopanda pirogue, mtumbwi wa kuvukia, na viti vyetu, mvuvi mmoja alitupigia kelele: "Ba papa, munahama ao munafukuzwa?" Papa Lokangu akakohoa, akamjibu: "Tunaenda kufundisha batu kukaa." Mimi nilicheka mpaka kiti kikaniponyoka, kikaelea kuelekea Kinshasa. Yule mvuvi ndiye aliyekifuata.

Mimi nilikuwa naibu wake. Hilo nalo halikuwa bahati. Yeye mtu wa mto, Mkristo. Mimi baba yangu alitoka Maniema, Mwislamu. Alisema lazima iwe hivyo, la sivyo watu watatafuta kabila la shirika, na wakilitafuta watalipata. Tena akaweka utaratibu wake mwingine: mimi, wa Kiswahili, ndiye nafungua mkutano kwa Lingala, yeye, wa Lingala, anafungua kwa Kiswahili. Lingala yangu ya sokoni ilikuwa inawachekesha watu mpaka wanasahau kununa. Kiswahili chake kilikuwa kibaya kuliko Lingala yangu. Tukishawachekesha pande zote mbili, wanatusikiliza. Ninyi siku hizi mnafungua kwa Kifaransa na mikrofoni. Bon. Endeleeni.

Halafu kuna habari ya samaki. Mashini za kupiga kura zilipokuja, watu waliogopa kuzigusa. Papa Lokangu akatengeneza mashini ya kujifunzia kwa katoni ya sabuni, na kioo chake kilikuwa karatasi. Tatizo likawa wagombea wa kuweka pale. Majina ya kweli hayawezekani, picha za watu haziwezekani, rangi usiguse. Mtu mmoja kwenye komite akasema tuweke samaki, nani atagombania samaki? Tukachora kapitene, mbenga na ngolo, yule kambare. Tukaenda Lubunga kwa furaha kabisa.

Ole wetu! Wavuvi walikasirika kapitene, samaki wanayemheshimu kuliko wote, kuwekwa nambari mbili. Mzee mmoja akauliza mbele ya watu wote nani ametulipa tumshushe cheo. Tukiwa bado tunamtuliza, upande wa pili umeanza kuangua vicheko, kwa sababu kulikuwa na mgombea wa mtaa ule mwenye sharubu ndefu, na ngolo naye, mnamjua, ana sharubu. Vijana wa yule bwana wakasema tumekuja kumtukana. Tulibeba mashini yetu ya katoni tukaondoka kwa haraka isiyo ya heshima. Tangu siku ile wagombea wetu wakawa sufuria, mwiko na ndoo. Andikeni hilo mahali: kitu cha kufundishia kiwe kitu ambacho hakuna mtu anayekipenda wala kukichukia. Ni vigumu kukipata kuliko mnavyodhani.

Lakini lililo gumu kuliko yote ni kukataa. Mgombea atakuletea kikwembe, kitenge chenye uso wake, atakununulia bia ukiwa mnywaji, sukari ukiwa kama mimi. Kanuni yetu ilisema kiongozi wa komite hapokei kitu cha mgombea, haketi mahali pake, hapandi gari lake. Kanuni ni rahisi kuandika. Kukataa bila kumwaibisha mtu, hiyo ndiyo kazi. Papa Lokangu alinifundisha: usimkatalie mtu mbele ya watu wake. Pokea kwa mikono miwili, sifu kitambaa, uliza kimetoka wapi, kisha mrudishie taratibu, umwambie: "Muheshimiwa, niwekee. Siku ya kura ikishapita, ukishinda ao ukishindwa, uniletee, nitakivaa mpaka kichakae." Kwa miaka yangu yote hakuna hata mmoja aliyerudi. Vikwembe vyangu vyote nilijinunulia mwenyewe.

Sasa nije kwenye lile mliloniuliza. Mwenzenu mmoja aliniuliza kwenye mkutano wa kukabidhiana: "Mama, ile kanuni ibakie hata kwa matanga?" Nilimwambia nitajibu kwa maandishi. Nilikuwa nakwepa. Ngoja nijibu.

Papa Lokangu aliugua katikati ya kampeni. Moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, na daktari alishamwambia. Asubuhi moja alianguka uani kwake, Mangobo. Mkewe, Mama Antoinette, akapiga kelele, majirani wakaja. Na pale barabarani lilikuwa linapita gari la mgombea mmoja, sitamtaja, nitamwita Muheshimiwa tu. Akasimamisha gari, akashuka mwenyewe, akasema mleteni, tunampeleka hospitali sasa hivi. Kwa haki ya Mungu, sidhani kama wakati ule alikuwa na hesabu yoyote kichwani. Aliona mzee ameanguka.

Papa Lokangu akafungua macho, akaona picha iliyobandikwa mlangoni mwa gari, akasema: "Hapana. Muniitie toleka." Toleka ni ile baiskeli ya kubebea watu, mnazijua. Mama Antoinette akamsihi. Akamsihi kwa magoti. Yeye akarudia neno lile lile. Alipandishwa nyuma ya baiskeli, kijana mmoja akimshikilia mgongoni asianguke, wakaenda hivyo kwenye mashimo yote ya barabara ile. Alifika hospitali akiwa hai. Alikaa siku chache, akafa.

Daktari alisema hata angepelekwa kwa ndege, asingepona. Mimi nilimwamini daktari. Mama Antoinette hakumwamini, na mimi kwa nafasi yake nisingemwamini.

Muheshimiwa akauchukua msiba mikononi mwake. Jeneza, chakula, gari la maiti, kila kitu. Akaleta na bâche, lile turubai kubwa la kuwakinga watu wa matanga na jua na mvua. Uso wake umepigwa chapa juu yake kila upande, na nambari yake. Wanawake wakapewa vikwembe vya uso ule ule. Na Mama Antoinette alikubali yote. Alisema, Béa binti yake ndiye aliyenisimulia: "Alipokuwa muzima alibebwa sawa muzigo wa makala. Sasa atabebwa sawa mutu."

Komite tulikutana kwangu. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika uprezidenti tangu alipougua. Kusema tuombe familia iliteremshe lile turubai, nani angethubutu? Kutokwenda, hilo halikuwepo kabisa, mtu huyu ni baba yetu. Kuketi chini yake je? Wiki ile ile tulikuwa na mafunzo Lubunga, kwenye mtaa ambao vijana wa Muheshimiwa na vijana wa mpinzani wake walikuwa wameshaanza kurushiana mawe. Wakubwa wa mtaa walikuwa wametuambia wazi: vijana hawa hawatasikiliza serikali wala kanisa, watawasikia ninyi, kwa sababu ninyi si wa mtu. Na simu zilikuwa zinapiga picha kila kona. Prezidenti wa elimu ya uraia akionekana mara moja tu ameketi chini ya uso ule, Lubunga ingekuwa imekwisha kabla hatujapanda pirogue.

Tukaamua: tutaenda wote, tutasimama nje ya bâche, kwenye ua. Na viti hatubebi, maana kubeba kiti chako msibani ni tusi.

Tukasimama. Jua lilikuwa kali, halafu likafichwa, na mnaijua mvua yetu, haipigi hodi. Ilimwagika. Watu wote wakajibana chini ya turubai, nasi tukabaki pale uani tumelowa, wazee watupu, watu wakituangalia kama kuku walionyeshewa. Béa akaja na mwavuli.

"Mama Zaina, mama anasema muingie. Anasema kiti yako iko karibu na papa."

"Mwambie mama tuko hapa. Tuko naye."

"Mama, iko mvua!"

"Naiona, mwanangu. Enda umwambie hivyo."

Akaenda. Kisha nikaona watu wanagawanyika, na Mama Antoinette mwenyewe anatoka. Bila mwavuli. Amevaa kile kikwembe, uso wa Muheshimiwa tumboni na uso wa Muheshimiwa mgongoni, na maji yanamshuka. Alisimama mbele yangu karibu sana. Huyu ni mwanamke ambaye nilikuwa nikila lituma, ndizi za kuponda, kwake kila Jumapili tuliporudi kazini. Nilipojifungua kitinda mimba wangu, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, kwa sababu mama yangu alikuwa mbali.

"Zaina. Unaogopa bâche?"

Nikamwambia: "Dada, ni yeye mwenyewe alinifundisha."

"Yeye alikufa," akasema. "Mimi njo nimebakia. Mimi njo ninakuita."

Nilitafuta neno. Nilikuwa mwalimu maisha yangu yote, sikuwahi kukosa neno mbele ya watu, na pale sikulipata. Ningeweza kumshika mkono. Vijana wenye simu walikuwa wameshajipanga kwenye ukingo wa turubai, wanangoja nivuke. Nikatikisa kichwa tu.

Mama Antoinette alijifuta maji usoni. Hakutukana, hakulia. Alisema kwa Lingala, pole pole, "Tika," yaani basi, acha, akageuka akarudi kwa maiti yake. Naye alikuwa anatetemeka kwa baridi. Sisi tulibaki pale mpaka jeneza lilipotoka.

Labda mnangoja niwaambie kwamba ilisaidia. Ningependa sana.

Tulipofika Lubunga, hatukuruhusiwa hata kushuka. Vijana wa Muheshimiwa walikuwa wamejipanga ukingoni. Wakasema wamesikia kwamba prezidenti amekataa kukaa kwenye matanga ya prezidenti mwenzake, na mutu hawezi kukataa kulilia ndugu yake bure. Kama hakuketi kwa Muheshimiwa, basi amekula kwa mpinzani. "Murudi kwa ule aliwatuma!" Mimi nikawaelezea kwa Lingala yangu mbaya, na safari hii hakuna aliyecheka. Tukarudi na mashini yetu, na sufuria, na mwiko, na ndoo. Mawe yaliendelea mpaka siku ya kura. Kijana mmoja, mtoto wa fundi baiskeli, alipotewa na jicho. Leo anauza mafuta ya mawese kwenye soko dogo la Lubunga. Mimi hununua kwake, naye hanijui.

Sikuwa nimefikiria hilo, mnaona. Sote tulikuwa tumehesabu watu watasema nini tukiketi. Hakuna aliyehesabu watasema nini tukisimama. Tulikuwa watu wa kukataa kwa ustadi, tumezoea kukataa mbele ya wagombea, na tukadhani msibani ni vile vile. Msiba una kanuni zake, za zamani kuliko zetu.

Kwa Mama Antoinette nilikwenda baada ya arobaini. Béa alinipokea mlangoni, akasema mama amelala. Nikaenda tena, mama ameenda sokoni. Nikaenda sikukuu ya Pasaka, nikaenda na nyama wakati wa Idi, Béa akapokea nyama, akashukuru, akaona haya. Nilisikia sauti ya Antoinette ndani akiimba kidogo akikaanga kitu. Nikaondoka. Muheshimiwa naye alishinda au alishindwa, haidhuru. Hakuonekana tena mtaani, hata siku ya kuondoa matanga hakuonekana. Nilidhani labda hilo litamlainisha mwenzangu. Halikumlainisha. Hakuwa na hasira kwa sababu ya Muheshimiwa.

Kwa hiyo, kuhusu kanuni: sitawaamulia. Mkiifuta, mtakula pilau za watu msibani, na siku moja mtakuta shirika limenunuliwa sahani kwa sahani, na hamtajua ni siku gani. Mkiibakiza, mtamwacha mtu mnayempenda asimame peke yake mbele ya jeneza. Msimwamini anayewaambia kuna njia ya tatu. Mimi nimeitafuta miaka yote hii. Nikirudishwa pale uani na mvua ile, nadhani nitasimama tena, na nadhani nitakosa neno tena. Hilo ndilo linalonichosha, si magoti.

Mwaka jana Béa alikuja kwangu asubuhi, macho yamevimba. Akaketi bila kukaribishwa.

"Mama ameenda," akasema.

Nikasema inna lillahi, nikamshika. Alilia, nami nikalia. Kisha akajifuta, akaangalia chini.

"Aliacha neno juu yako, Mama Zaina. Sijue kama niseme."

"Sema, mwanangu."

"Alisema: Zaina akuje. Asikose. Lakini asiingie ndani. Asimame kule alisimama siku ya papa." Akaanza kulia upya. "Unaweza kukataa, mama. Batu batakuelewa."

Nilimwambia nitakuja. Tangu siku ya ile mvua ndiyo mara ya kwanza Antoinette kuniita.

Nilikwenda. Hapakuwa na mgombea, hapakuwa na uso wa mtu, bâche lilikuwa la parokia, jeupe, lililotobokatoboka. Chini yake viti vingi vilikuwa vitupu. Ninyi hamkuwepo, mlikuwa na semina ya siku ile kwenye ukumbi wa hoteli, nakumbuka mlinitumia mwaliko. Sikuwalaumu, wengi wenu hamkumjua. Nilisimama uani, jua kali kweli kweli. Watu wakawa wanakuja mmoja mmoja: "Mama, uingie, viti biko." Nikawa nawashukuru. Mwisho Béa akawaambia waniache.

Magoti yaliniuma lakini sikuegemea ukuta. Walipombeba kumtoa, walipita karibu nami kabisa, karibu kama yeye alivyosimama mbele yangu siku ile. Nikasema kwa sauti, wote walisikia, na sikujali:

"Antoinette, niko huku inje."